Gredi ya Tisa Inasomea Stoo: Wito wa Harambee

Kwa wazazi wetu, majirani, na nyinyi mliosoma hapa mkafika mbali,

Tunawaandikia tukiona haya. Choo cha wasichana kilipokamilika kwa michango yenu, tuliahidi kwamba hatutatembeza bakuli tena hivi karibuni. Tumerudi.

Shule hii ilijengwa enzi za darasa la kwanza hadi la nane: madarasa manane, vyumba vinane. Sekondari Msingi, yaani Gredi ya Saba hadi ya Tisa, ilipoanza mwaka 2023 ikawekwa ndani ya shule za msingi, tulijibana. Mwaka 2025 Gredi ya Tisa ikafika, na chumba cha tisa hakipo. Serikali ilitangaza kujenga madarasa 16,000 kwa ajili ya gredi hiyo, sisi hatukubahatika. Ndipo tukatoa magunia ya mahindi na maharagwe stoo, tukaingiza watoto. Panya bado hawajapata habari kwamba chakula kimehama.

Njooni siku ya mvua mjionee. Watoto wanajua kila tundu la bati lilipo. Wingu likitanda tu, wanasogeza madawati bila kuambiwa na kuficha vitabu ndani ya sweta. Madawati yenyewe ni ya watoto wa darasa la tatu, kwa hiyo kijana wa miaka 15 anaketi magoti yakikaribia kidevu. Kipindi cha Sayansi Jumuishi, mwalimu hufanyia jaribio juu ya pipa lililopinduliwa, na walio nyuma hupanda juu ya viti ili waone rangi ikibadilika. Mtoto mmoja alituuliza kama kwenye mtihani nao wataangalia kwa zamu. Hatukumjibu.

Tunajua mtauliza: si serikali hulipa? Hulipa. Kila mwanafunzi wa Sekondari Msingi ametengewa Sh15,042 kwa mwaka, zaidi ya mara kumi ya zile Sh1,420 za mwenzake wa shule ya msingi. Utaratibu ni nusu ije muhula wa kwanza, asilimia 30 muhula wa pili, na 20 muhula wa tatu. Kwetu hufika zimechelewa, na si mara moja tumepokea pungufu.

Lakini hata zingekuja zote kwa wakati, mgao huhesabiwa kwa vichwa. Shule yenye wanafunzi 300 inastahili Sh4,512,600. Sisi tuna 64, hivyo mwaka mzima ni Sh962,688, na hapo ndani kuna vitabu, vifaa, stima, maji na ukarabati. Muuza bati naye hatupunguzii bei kwa kuwa tuko wachache. Tena fedha za masomo zina akaunti yake na haziruhusiwi kununua saruji, hata mvua ikinyesha juu ya vitabu hivyo hivyo zilivyonunua.

Fundi ametukadiria Sh850,000 kwa darasa moja lenye sakafu, madirisha na paa, pamoja na madawati ya kutosha vijana hawa. Kila senti itaingia akaunti ya shule, si simu ya mtu. Risiti itatolewa, na hesabu itasomwa kwenye mkutano wa wazazi.

Orodha ya waliochangia choo bado iko ofisini. Mama mmoja anayeuza sukuma wiki alileta Sh200 mara tatu, kila mara akiomba radhi kwamba ni kidogo. Majina ya baadhi ya wenye magari yanayotutimulia vumbi kila Desemba hatukuyaona. Labda ujumbe haukuwafikia. Sasa umewafika.

Mchango ni wa hiari, na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hakutoa. Asiye na pesa alete mchanga, kokoto, au mikono yake. Mchungaji atatangaza Jumapili, na imamu amekubali kutusemea baada ya sala ya Ijumaa; Mwenyezi Mungu awabariki kwa kutuvumilia mara ya pili.

Tukutane Jumamosi ya pili baada ya shule kufunguliwa, saa nne asubuhi, uwanjani. Mvua ikinyesha tutahamia stoo.

Kamati ya Wazazi