Nahodha, nimepewa ufito wa kuvulia wa mita 11

Nahodha, asalaam aleikum na baada ya salaam,

Najua umenuna. Meseji yako ya tangu Maulidi sijaijibu, ya mashine ya boti nimeisikia, na ya Kidevu kuoa tena imefika mpaka huku kwa hiyo usijisumbue kunihadithia. Sisi wazima, watoto wanakua, mama watoto anakusalimu ila anasema kile kikoi chake bado anakudai. Hayo tuyaache. Nimeshika simu kwa sababu kuna jambo linanikaa kichwani na hapa Coventry sina wa kumwambia, washkaji ukiwaanzishia habari ya samaki wanauliza kilo bei gani.

Yule mzee wa kazini nilikwambia, mzungu aliyestaafu lakini kila Ijumaa anakuja ghalani kunywa chai na sisi. Tangu kiangazi ananiambia twende mfereji kuvua, twende mfereji, mi namkwepa, mara zamu mara mtoto anaumwa. Jumamosi iliyopita visingizio vikaisha. Tukaenda Hawkesbury, pale mfereji wa Coventry unapokutana na ule wa Oxford, asubuhi ukungu, baridi siyo ya masihara, majani yameiva manjano yanadondoka tu majini.

Mfereji wenyewe usifikirie Suez. Upana haujafika hata mita 15, ukisimama katikati huzami. Walianza kuuchimba kwa majembe mwaka 1768 ili wasafirishe makaa ya mawe, leo makaa hamna, zinapita boti ndefu nyembamba, upana mita 2 na kitu, za wastaafu na mbwa wao, wamepanda maua juu ya paa. Zinakwenda mwendo wa mguu, mwenye boti anakusalimia, unamsalimia, anapita na kiboya chako kinahama.

Sasa ufito sikia. Mita 11! Wa kaboni, ndani tupu, vipande vinachomekana, hauna rili ya kuzungusha mshipi wala nini. Kule nchani ndani kumepitishwa lastiki, mshipi unafungwa kwenye hiyo lastiki, samaki akivuta unaiona inatoka kwenye ncha inakwenda naye halafu inamrudisha taratibu, samaki anachoka mwenyewe wewe umekaa kwenye kiti. Ndoana ikidondoka kwenye sweta huioni tena. Na chubwi, vile vizito vya kuzamisha mshipi, si za madini ya risasi, walizipiga marufuku tangu 1987 kwa sababu mabata yale meupe yenye shingo ndefu yalikuwa yanazimeza yanakufa, mwambie Babu Betri, yeye aliyekuwa anayeyusha betri za magari uani kwao.

Na kumtoa samaki ndiyo vituko. Huzungushi kitu, unaurudisha ufito wote nyuma yako, unapita juu ya kiroli cha kuutelezesha unavuka njia ya watembea kwa miguu unaingia kichakani, halafu unachomoa kile kipande cha mbele ndo unamnyanyua. Sasa hiyo njia ina baiskeli. Yaani una samaki, una mita 11 za kaboni zimekata barabara, na anakuja kijana anakimbia kaziba masikio kwa miziki yake. Aliruka. Mzee hata hakugeuka.

Kitu kimoja kilinifurahisha, tulipofika sehemu ya kukaa hakuangalia maji, aliangalia juu. Nyaya za umeme. Kaboni inapitisha umeme, ukigusa waya au hata ukiukaribia kwa ufito huo, innalillahi. Ndipo akaangalia maji. Akaniambia majira haya samaki wanaacha kingo wanashuka katikati kwenye kina, wengine wanajikusanya chini ya madaraja, na boti zikipungua maji yanakuwa meupe kwa hiyo usimwage chambo ovyo, watakuona. Kuna kikombe kidogo kinafungwa kule nchani, unatia mabuu mekundu na nyungunyungu waliokatwakatwa kwa mkasi, unakipeleka mpaka juu ya kiboya, unakigeuza. Hakipotei kitu. We unajua mimi najua kuvua, lakini ile ilikuwa adabu nyingine.

Tulipata. Wadogo wadogo wa fedha wenye macho mekundu, na wengine wana mistari myeusi ubavuni, mapezi ya rangi ya chungwa na miiba mgongoni itakayokutoboa, mkubwa kama kiganja. Ndiyo, wote wanarudishwa majini, usianze.

Ila siyo hayo niliyotaka kukwambia. Mzee mkono wa kulia unatetemeka. Ghalani sikuwahi kuuona, kikombe anakishika kwa mikono miwili nikadhani ni baridi. Kwenye ufito mrefu hivyo mkono ukitikisika kidogo huku, kule nchani panacheza mno, kiboya hakitulii, samaki hawagusi. Kwa hiyo ndoana nilikuwa nafunga mimi, ufito tukawa tunapokezana, mwisho akaniachia kabisa akawa anakata nyungunyungu. Hakusema kitu, na mimi nikasifia hali ya hewa.

Saa kumi na nusu giza lilishaingia, unajua huku saa zimesharudishwa nyuma. Tunapakia kwenye gari ananiambia, ondoka nao. Upi? Ufito. Mpya wa maana wanauza hela nyingi, huu si mpya lakini ameutunza, kila kipande anakifuta kwa kitambaa ndo kinaingia kwenye mfuko wake. Mwanawe mmoja yuko Australia, mwingine hapendi. Nikamwambia ngoja nimuulize mke wangu. Akacheka, akasema wote tunasemaga hivyo.

Mke nilimuuliza kweli. Anasema tuko ghorofa ya tatu, chumba kimoja cha watoto, huo mfuko peke yake unakaribia mita 2, utalala na nani? Hilo linatatulika, nyuma ya kabati. Kinachonikwamisha ni kwamba nikiuchukua ni kama namwambia haya mzee, basi, imetosha. Nikiukataa utakaa gereji kwake anauangalia. Hela nikimtajia najua atakasirika. Pilau hali, viungo vinamuunguza. Na Ijumaa anakuja kunywa chai na atataka jibu, hatauliza, ila atataka.

Ndiyo maana nikakumbuka nyie. Mzee wako macho yalipoanza kugoma akakukabidhi chombo, mimi nilikuwa nimeshaondoka, nilisikia juujuu tu kwa Mama Mdogo. Hivi ilikuwaje? Alikuita akakwambia, au siku moja hakutokea tu pwani? Ulimpa kitu? Baada ya hapo alikuwa anakuja pwani pale Deep Sea kukungoja urudi, au alikaa nyumbani? Maana mi nawaza nimwambie nauchukua kwa sharti kila Jumamosi tunakwenda wote, yeye mkasi na nyungunyungu, mimi ufito, lakini sijui kama hiyo ni heshima au namfanya mtoto. Mzee wako angekuambia hivyo ungeona vipi, au yeye angeona vipi? Unaweza kumuuliza bila kumwambia ni mimi? Na mashine mmetengeneza au bado mnapiga makasia? Kidevu huyu mpya ni wa Pongwe kweli?

Jibu kabla ya Ijumaa. Na usinitumie ile "poa" yako, piga voisi ndefu, nasikilizia kwenye basi.

Wako,
mimi wa baridini