Tusijenge kuta za ufukweni kiwanja kwa kiwanja

Ndugu Mhariri,

Kila kusi, upepo wa msimu utokao kusini, inapoanza kuvuma, kuanzia Mbezi Beach hadi Kunduchi na Ununio, tipa huanza kumwaga mawe kwenye viwanja vya ufukweni. Mwenye kiwanja ameona mchanga umeshuka, mvinje umelala na mizizi iko nje, na maji ya bamvua yajayo, yale yanayojaa na kupwa kupita kawaida, yanamnyima usingizi. Anamwita fundi, na baada ya wiki chache ukuta wima umesimama. Naandika kuwaomba wenye viwanja hivyo, pamoja na Manispaa ya Kinondoni, tuache utaratibu huu wa kila mtu na ukuta wake.

Tuangalie kuta hizi zinavyokufa. Fundi huchimba msingi wa mita 1 chini ya mchanga alioukuta siku ile. Wimbi linalopanda ufukwe wenye mteremko hutambaa na kuchoka. Likikutana na ukuta wima halichoki, linarudi na nguvu zake karibu zote, na linaporudi huchota mchanga mguuni mwa ukuta. Wahandisi hukadiria kwamba shimo linalochimbika hapo linaweza kufikia kina sawa na kimo cha wimbi lenyewe. Kwa hiyo wimbi la mita 1.5 linaupita msingi wa mita 1. Kuanzia siku hiyo, kila maji yanapokupwa, mchanga wa nyuma ya ukuta unachuruzika kwa chini. Juu huoni kitu. Vigae vya baraza vimetulia, ila ukivigonga kwa kisigino vinalia kama ngoma. Kisha masika yanakutana na bamvua. Maji ya mvua yanajaa nyuma ya ukuta usio na matundu ya kuyatoa, bahari inakupwa haraka, na ukuta unaanguka kifudifudi kuelekea baharini. Watu husema bahari imeuvunja, lakini uzito uliousukuma ulitoka upande wa nyumba.

Na kabla haujaanguka, umeshamuumiza jirani. Mawimbi hupinda kwenye ncha ya ukuta na kukata ardhi isiyo na ukuta, hivyo jirani naye anajenga, na wa tatu vilevile. Mwisho wake ni ukuta mrefu wenye viungo dhaifu kila mpaka wa kiwanja, na mbele yake hakuna ufukwe wa kutembea wala wa kuvutia ngalawa. Pwani hii imeshatuonya. Hoteli ya Africana, ambayo jina lake limebaki kwenye kituo cha daladala, iliachwa baada ya bahari kula ufukwe wake, na soko la zamani la samaki la Kunduchi nalo lilichukuliwa na maji.

Ufukwe haupati wala kupoteza mchanga kwa mpangilio wa hati za viwanja. Kusi husukuma mchanga kuelekea kaskazini, kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini, ikarudisha sehemu yake kusini. Ndiyo maana ukuta ulioamuliwa mwezi Julai mara nyingi umejengwa kwa woga: sehemu ya mchanga ule ingerudi ifikapo Februari. Kabla ya kutoa hata shilingi, weka alama ya rangi kwenye kitu kisichohama, kama nguzo ya nyumba, kisha pima kwa futi kamba hadi mwanzo wa majani ya mlakasa, mmea unaotambaa juu ya mchanga wa ufukweni. Pima kila mwezi kwa miaka miwili. Linganisha Machi na Machi, Septemba na Septemba. Tofauti ya mwaka kwa mwaka ndiyo mmomonyoko wenyewe, ile ya msimu kwa msimu ni pumzi ya ufukwe.

Mchanga mpya huletwa na mito, na sisi tunauchimba kwenye Mto Tegeta na Mto Mbezi kwa ajili ya matofali. Hesabu yake si ngumu. Ufukwe wa kiwanja chenye upana wa mita 20, ukishuka sentimita 10 kwa umbali wa mita 25 kuelekea baharini, umepoteza mita za ujazo 50. Hizo ni tipa 10 za mita za ujazo 5. Tipa 10 hutoka bondeni bila mtu kuzitilia maanani.

Pale ambapo barabara au jengo la umma haliwezi kuhama, kama ilivyo Barabara ya Barack Obama, ulinzi wa mawe unastahili. Lakini ujengwe kwa mteremko, mita 1 kwenda juu kwa kila mita 2 za kulala, na mguu uzikwe angalau mita 1.5 chini ya kiwango ambacho mchanga hushukia katika msimu mbaya, si kiwango cha leo. Chini kabisa utandikwe kitambaa cha kuchujia, kinachopitisha maji na kuzuia mchanga. Kukiacha ndilo kosa linalofanywa kuliko yote, na mawe huzama taratibu. Juu yake yaje mawe ya kilo 40 hadi 55, kisha tabaka mbili za mawe makubwa. Kwa wimbi la mita 1.5, jiwe gumu la machimbo ya Lugoba linahitaji kilo 550 hivi, na tabaka zote mbili zina unene wa karibu mita 1.2. Jiwe jepesi la matumbawe, la kilo 2,000 kwa mita ya ujazo, litahitaji kukaribia tani 2 ili kustahimili wimbi lilelile. Wimbi likiongezeka kimo mara mbili, uzito wa jiwe huongezeka mara nane. Ncha zote mbili zikunjwe kuingia nchi kavu, maji yasizunguke nyuma.

Viroba vya mchanga huoza kwa jua ndani ya miezi. Mikoko nayo tunaipenda sote, ila kuipanda kwenye mchanga ulio wazi kwa mawimbi ni kupoteza miche. Mahali pake ni kwenye tope la mlango wa mto, na pale Kunduchi inastahili kulindwa iliyopo kabla ya kupanda mipya. Mbele ya nyumba acha mlakasa utambae, usiufyeke kwa ajili ya mandhari.

Kwa anayejenga sasa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Ukingo unaorudi nusu mita kwa mwaka utakula 25 kati ya hizo katika miaka 50, hivyo anayeziheshimu anabaki na akiba.

Ombi letu kwa Manispaa ni hili: kuanzia mlango wa Mto Mbezi hadi Ununio, pawe na mpango mmoja wa ufukwe, alama za kupimia kila mita 200, na kibali cha ukuta wowote kisitolewe bila kuonyesha kitakachowapata majirani wa pande zote mbili. Upimaji uanze kabla ya kusi ijayo.

Wako,
Mhandisi wa ujenzi wa pwani, kwa niaba ya wenzake
Dar es Salaam