Wifi yangu anasema namuua mama kwa vidonge

Shikamoo shangazi,

Nakuandikia alfajiri, usiku mzima sijapata usingizi. Wifi yangu amesema mbele ya watu, kwenye arobaini ya baba mkwe, nyumba imejaa majirani, kwamba namuua mama yao kwa vidonge. Mbele ya watu, shangazi. Na mume wangu alikuwepo, akainamia sahani yake.

Mimi ndiye ninayeishi na mama hapa Mwanga. Mimi ndiye ninayempeleka kliniki ya presha, ndiye niliyepunguza chumvi kwenye mboga mpaka watoto wakanuna, na migebuka ya chumvi siinunui tena. Yeye yuko Kasulu, anakuja na mkungu wa ndizi, anakaa kidogo, anatoa hukumu.

Kisa ni miguu. Mama alianza na kidonge cha presha, amlodipini ya miligramu 5, presha ikagoma kushuka, daktari akampandishia hadi 10. Presha ikatulia, ila miguu ikaanza kuvimba kila jioni, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Wifi akasema figo zimekufa. Hazijafa! Alipimwa damu na mkojo, figo ziko salama. Daktari alinieleza kwamba dawa hii inalegeza mishipa ili damu ipite bila kusukumwa kwa nguvu, na mishipa ikishalegea maji hupenya kidogo na kutuama miguuni, hasa dozi ikiwa kubwa. Akasema ikimsumbua turudi, anaweza kushusha dozi na kuongeza dawa nyingine, lakini mama asiache mwenyewe. Nikamweleza wifi hayo yote kwa heshima. Akaniuliza udaktari nimesomea wapi.

Na yeye ndiye anayemnunulia mama diklofenaki, vidonge vya maumivu ya magoti! Kliniki walituonya kabisa kwamba hizo zinapandisha presha na zinaweza kuumiza hizo figo anazozililia. Hilo sikulisema mbele ya watu. Nilimsitiri. Yeye hakunisitiri.

Sasa mama ameacha vidonge. Anakunywa mizizi ya kuchemsha aliyoachiwa na binti yake, anasema kichwa hakimuumi kwa hiyo amepona. Shangazi, presha si lazima iume! Majuzi zahanati wamempima, 190/110, na yeye anacheka tu na muuguzi.

Sipendi ugomvi na wakwe zangu. Kuna saa natamani wifi amchukue aende naye Kasulu, aone kuuguza kulivyo. Halafu nawaza akipooza huko, atalaumiwa nani? Mimi niliyekwisha kuitwa muuaji. Tena yule mama nampenda. Nilipojifungua alinikanda yeye, mama yangu mzazi alikuwa ameshafariki. Kwa hiyo hapana, asiende. Ila kama akitaka mwenyewe, mimi ni nani nimzuie?

Mume wangu namwambia aseme neno, ananijibu, "Yule ni dada yangu mkubwa, mwache." Basi nimwache. Lakini kuambiwa naua, mbele ya majirani ninaochota nao maji, mtu unalimezaje hilo?

Kuna jambo jingine, sijui hata kama ni la kuuliza. Uji wa ulezi mama anaunywa kila asubuhi, na naupika mimi. Kidonge chake ni kidogo, kikisagwa hakionekani. Sijafanya hivyo, naapa. Lakini usiku huu nimekaa na pakiti mkononi. Nikimtilia bila yeye kujua, nitakuwa nimemwokoa, au nitakuwa nimempa wifi ushahidi aliokuwa anautafuta? Na ile mizizi hakuna anayenitajia jina lake. Ikiwa nayo inashusha presha, si atazimia kwa mkono wangu?

Wifi anakuja Jumamosi kumchukua. Tafadhali nijibu kabla ya hapo.

Mkwe wa Mwanga, Kigoma