Fundi asifute faili la Linux bila kujua ni la kifurushi kipi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi walimu wa Tehama wa Moshi na Arusha, pamoja na mafundi wanaohudumia kompyuta za shule zetu, wasifute faili lolote la Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, kabla ya kujua ni la kifurushi kipi cha programu, yaani fungu la mafaili yanayosakinishwa pamoja.

Hivi karibuni, katika maabara ya shule moja hapa Moshi, fundi alikuta diski imejaa, akaanza kufuta kwa mkono mafaili makubwa yaliyomo kwenye folda ya /usr/lib kwa kudhani ni mabaki ya programu za zamani. Kompyuta ilipowashwa tena, LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka, haikufunguka, na vipindi vya wanafunzi vikapotea bure.

Inasikitisha, kwa sababu jibu lilikuwamo ndani ya kompyuta hiyohiyo, na halihitaji hata intaneti. Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, hutunza orodha ya mafaili ya kila kifurushi katika /var/lib/dpkg/info, na amri ya dpkg -S, ikifuatwa na anwani kamili ya faili, huzipekua orodha hizo na kumtaja mwenye mali. Kubahatisha kwa jina hakufai: ukiuliza kuhusu /usr/bin/top, utajibiwa kuwa ni la kifurushi kiitwacho procps. Kwenye Fedora, aina nyingine ya Linux, amri ni rpm -qf.

Tena, kwa kuwa dpkg husoma orodha tu, hujibu hata kama faili lenyewe limekwisha kufutwa, na hapo amri ya apt install --reinstall pamoja na jina la kifurushi hulirudisha.

Jibu la kwamba faili halina kifurushi lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kulifuta. Katika Debian 12, /bin ni kiungo tu (njia ya mkato) cha kwenda /usr/bin, lakini orodha bado inaandika /bin/ls, hivyo anayeuliza kuhusu /usr/bin/ls huambiwa halijulikani; inabidi kuuliza kwa anwani zote mbili. Mafaili mengine, kama yale ya kumbukumbu katika /var/log, huundwa na programu zenyewe zinapofanya kazi.

Wanaotaka nafasi kwenye diski waanze na amri ya apt clean, inayoondoa vifurushi vilivyopakuliwa na kuhifadhiwa. Nawaomba wakuu wa vyuo vyetu waweke somo hili katika mafunzo ya vitendo, kabla mwanafunzi hajakabidhiwa nywila ya msimamizi.

Mwalimu wa Tehama,
Moshi