Mhariri, "uvumilivu" umebebeshwa mizigo mingi mno

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie neno ambalo magazeti yetu yanalitumia kila wiki. Mgonjwa aliyekaa foleni tangu alfajiri huitwa mvumilivu. Mkulima anayengoja mvua ni mvumilivu. Mwislamu na Mkristo wa mtaa mmoja nao huhimizwa wawe wavumilivu. Hali hizo hazifanani hata kidogo, na msomaji huachwa akisie.

Tunavumilia nini kwa kawaida? Njaa, maumivu, baridi, dharau. "Vumilia" ni kitenzi kinachotaka kitu kibaya mbele yake. Ukiandika "tuwavumilie wenye imani tofauti", umeshamweka jirani kapu moja na njaa, hata kama nia yako ni njema. Tamko la UNESCO la mwaka 1995, lililoweka 16 Novemba kuwa siku ya kimataifa ya kile Waingereza wanachokiita "tolerance", linasema juu ya kuheshimu na kukubali tofauti za watu, na linakataa kwamba maana yake ni kumfanyia mwenzako hisani huku ukimtazama kwa juu. Maana hiyo haimo katika "vumilia". Imo katika "kuheshimiana", na pia katika "kuchukuliana", neno ambalo wasomaji wa Biblia wanalijua tangu Waefeso 4:2.

"Stahimili" limetoka Kiarabu, katika mzizi wa kubeba, uleule uliotupa "hamali". Siku hizi "ustahimilivu" hutumika zaidi kwa kitu kinachopigwa na misukosuko kikabaki kimesimama, kama mbegu zinazostahimili ukame. Hiyo ndiyo maana ya R ya pili ("resilience") katika 4R za Rais Samia Suluhu Hassan, yaani falsafa yake ya maridhiano, ustahimilivu, mageuzi na kujenga upya, ambayo kwa Kiingereza yote huanza na R, lakini mara nyingi huelezwa kana kwamba ni kuwavumilia wapinzani tu. Tatizo jingine ni kile kihusishi "wa". Katika "ustahimilivu wa tabianchi", ni tabianchi inayostahimili au inayostahimiliwa? Nomino imemficha mtendaji. Rudini kwenye kitenzi, mtajeni mtu: "wakulima wanavyostahimili mabadiliko ya tabianchi". Maneno yanaongezeka, lakini hakuna atakayekosea.

Kubwa zaidi ni kiambishi "-ana". "Viongozi wa dini wahimiza uvumilivu" haisemi nani amvumilie nani. "Wahimiza waumini kuvumiliana" inasema pande zote mbili zina wajibu. Hapo "-ana" inafaa sana. Lakini kiambishi hichohicho kinaumiza kinapowekwa mahali pasipo na pande mbili. Habari ya mke aliyepigwa hadi kulazwa hospitalini ikimalizika kwa "wanandoa watakiwa kuvumiliana", "-ana" imegawa kosa sawasawa kati ya aliyepiga na aliyepigwa. Mwandishi hakukusudia hivyo, lakini sarufi imeshasema. Katika habari kama hiyo neno "kuvumiliana" lisikaribie kabisa, na hata "alivumilia kipigo kwa miaka mingi" liandikwe kwa tahadhari, maana katika Kiswahili uvumilivu ni sifa: mvumilivu hula mbivu. Msomaji anaweza kuelewa kwamba alifanya vyema kukaa. "Alipigwa kwa miaka mingi" inatosha.

Kuhusu siasa, Wazanzibari walipotuliza mvutano wao wa vyama mwaka 2010 walisema "maridhiano", neno linalodai kila upande uridhie. Wakenya nao wana Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa; hawakuiita tume ya uvumilivu. Maneno tunayo.

Ombi langu kwa dawati lenu la habari ni dogo. Kabla kichwa chenye "uvumilivu" hakijaenda mtamboni, mhariri msaidizi aulize: nani anavumilia, na anavumilia nini? Jibu likiwa shida, neno libaki. Jibu likiwa mtu, litafutwe jingine.

Msomaji wenu,
Tanga