Ratiba ya zamu itoke mapema, na maziwa ya mtoto yapate friji

Mhariri,

Kila msimu wa maombi ya vyuo ukifika, lile neno husikika tena mitaani: mwenye mtoto mchanga asubiri kwanza, uuguzi haumfai. Sisi tunaosimamia wanafunzi wa uuguzi wodini hapa Unguja hatulikubali. Stashahada ni miaka 3. Anayesubiri mtoto akue, aghalabu mtoto akishakua anakuwa keshapata mdogo wake, na kusubiri kunaanza upya.

Darasani mama hawa wanakwenda sawa na wenzao. Kinachowaangusha ni zamu. Ratiba inabandikwa Ijumaa alasiri na zamu inaanza Jumatatu, kwa hiyo mama ana siku 2 za kutafuta nani atabaki na mtoto kuanzia magharibi hadi asubuhi. Nyumba yenye watoto wakubwa kidogo nayo ina zamu zake: skuli yenye mikondo miwili, mmoja asubuhi mwengine mchana, kisha chuoni, yaani madrasa ya Kurani. (Kwetu mama na mwana huaga kwa maneno yale yale, "nakwenda chuoni", na kila mmoja ana chuo chake.) Ratiba ya wiki 4, ikitoka wiki 2 kabla, ingemaliza sehemu kubwa ya haya bila kugharimu kitu zaidi ya karatasi.

Kubadilishana zamu kuruhusiwe, lakini kwa maandishi, na mkuu wa wodi atie saini. Makubaliano ya mdomo ukumbini ndiyo yanayoharibu: mwenzake anasahau, wodi inalala na mtu pungufu, na katika daftari anayeandikwa mtoro ni yule ambaye jina lake liko kwenye ratiba. Vivyo hivyo kitabu cha mazoezi. Kila utaratibu aliofanya, iwe kuingiza mpira wa mkojo au kuzalisha, usainiwe siku ile ile kabla hajavua sare. Akisema atasainiwa kesho, kesho mtoto ana homa, na wiki ya pili msimamizi aliyemwona keshahamia wodi nyengine.

Zamu ya usiku inataka hesabu yake. Mama alale angalau dakika 90 mchana kabla ya kwenda. Akirudi asubuhi aoge, anyonyeshe akiwa ameketi wima na macho makavu, amkabidhi mtoto kwa mtu mzima, ndipo alale saa 4 au 5 mfululizo. Wengi hupanga kulala "mtoto akilala". Haiwi. Mtoto akilala kuna vyombo, kuna nguo, na hodi mbili tatu za majirani zinaimaliza asubuhi. Lililo baya zaidi ni kunyonyesha kwenye kochi huku usingizi unamchukua: mtoto hubanwa baina ya mwili na mto, akakosa pumzi. Kama macho yanafumba, ni bora mtoto anyweshwe kwa kikombe na mtu mwengine.

Wodini tunafundisha makabidhiano, na mtu akifika nyumbani anayasahau. Mtoto naye akabidhiwe kwa karatasi, iliyobandikwa mlangoni mwa friji: amekula saa ngapi, amekojoa mara ngapi, joto, dawa gani, mililita ngapi, saa ngapi, nani kampa. Mistari mitano inatosha. Sababu yake ni dawa ya homa. Bibi anampa mtoto saa 8 mchana, mama anarudi saa 9 anakuta paji la uso lina moto, anampa tena. Parasetamoli haitolewi tena kabla ya kupita saa 4 tangu dozi iliyotangulia, wala kuzidi mara 4 kwa siku nzima.

Tena chupa hazifanani. Mtoto wa kilo 10, kwa miligramu 15 kwa kila kilo, anahitaji miligramu 150. Ikiwa chupa ni ya miligramu 120 katika mililita 5, atapata mililita 6.25. Ikiwa ni ya miligramu 250 katika mililita 5, ni mililita 3 tu. Anayepima kwa mazoea ya chupa ya kwanza kutoka chupa ya pili amempa mtoto zaidi ya mara mbili. Apime kwa bomba lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni kila kimoja kina ujazo wake.

Hesabu hizo hizo ndizo zinazomwangusha kwenye mtihani, na ndizo zinazofaa kusomwa vipande vipande. Kusoma kurasa 30 huku mtoto anavuta kalamu ni kujidanganya, ila dakika 25 zinatosha hesabu tano za dawa. Kwa mfano maji ya dripu ya mililita 500 yaende kwa saa 4, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa mililita: 500 mara 20 ni 10,000, gawa kwa dakika 240, unapata takriban matone 42 kwa dakika. Kosa la siku zote ni kugawa kwa 4 badala ya 240, na jibu linakuwa 2,500. Aliyelala vizuri ataona kwamba hakuna jicho la kuhesabu matone hayo. Asiyelala anaandika na kupiga mstari chini.

Kuhusu maradhi ya wodini, kwa ufupi: sare ivuliwe huko huko, iingie mfuko wake, ifuliwe mbali na nguo za mtoto. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni dozi 3, ya pili mwezi 1 baada ya ile ya kwanza na ya tatu mwezi wa 6, kwa hiyo ianze anapojiandikisha chuoni, asingoje kupangiwa wodi. Akichomwa na sindano iliyotumika aoshe kwa maji na sabuni, aripoti saa ile ile na aseme kwamba ananyonyesha. Dawa za kinga ya virusi vya ukimwi huanzwa haraka iwezekanavyo, na zikipita saa 72 hazianzwi tena.

Sasa maziwa. Miezi 6 ya kwanza mtoto anataka ziwa la mama tu, na zamu ya asubuhi pamoja na safari ya daladala ni kama saa 9. Katika umri huo mtoto hunywa kiasi cha mililita 750 kwa siku, yaani karibu 30 kwa kila saa. Mama aache basi mililita 270 hadi 300, katika vikombe vidogo vyenye mfuniko, kila kimoja 60 hadi 90, ili kisichomalizwa kikimwagwa hasara iwe ndogo. Aanze kukamua na kumzoesha mtoto kikombe wiki 2 kabla ya kurudi masomoni. Chupa ya chuchu hatuipendekezi: ile chuchu ni ngumu kusafisha, na kuharisha huanzia hapo.

Kukamua kwa mkono hakuhitaji mashine. Anawe mikono, aweke dole gumba juu na vidole chini, sentimita 3 hadi 4 nyuma ya chuchu, asukume kuelekea kifuani, abane, aachie. Asivute chuchu, inachubuka. Yakipungua kutoka, ahamie ziwa la pili, kisha arudi. Jumla ni dakika 20 hadi 30. Wodini afanye hivyo kila baada ya saa 3. Akiruka mara moja ziwa linajaa na kuuma. Akiruka mara kwa mara maziwa hupungua, au ziwa huvimba likaleta homa. Likivimba asiache kulinyonyesha, na homa ikizidi siku moja aende akatibiwe.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 ikiwa joto la chumba halizidi nyuzi 25. Msimu wa kaskazi chumba gani cha mjini hakizidi 25? Yaingie kwenye deli dogo mara moja, pamoja na chupa mbili za nusu lita za maji yaliyogandishwa, mfuniko ukazwe. Humo yanafika nyumbani salama, na kwenye friji hukaa siku 4. Yaliyogandishwa yakayeyuka kwa sababu umeme umekatika yasigandishwe tena. Kuyapasha moto ni kukiweka kikombe ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Yasitiwe jikoni yakachemka.

Tunachoomba kwa vyuo na kwa wakuu wa wodi, mbali na ratiba, ni chumba chenye mlango unaofungika, kiti na bomba la maji, dakika 20 hadi 30 mara mbili kwa zamu, na nafasi kwenye friji. Na hapa tuseme wazi, maana tumeona mama akielekezwa pasipofaa: friji ya chanjo haihifadhi maziwa, hata kikombe kimoja. Chanjo zinataka nyuzi 2 hadi 8, na kila mlango unapofunguliwa joto linapanda. Rafu moja ya friji ya chakula ya wafanyakazi inatosha, kila kikombe kikiandikwa jina la mama, tarehe na saa.

Wauguzi wasimamizi wa wanafunzi,
Unguja