Kabla ya kununua miwani ya kompyuta, pima umbali wa skrini yako

Mwisho wa mwezi, wahasibu wakishafunga hesabu, swali dukani kwetu hapa Kariakoo huwa moja: "Mna ile miwani ya kompyuta, ya kuzuia mwanga wa bluu?"

Tunayo. Ila kabla hujatoa hela, sikiliza. Mwaka 2023 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, ulipitia majaribio 17 ya lenzi hizo na kuona kwamba huenda hazipunguzi uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida. Hata ukiongeza mwanga wa skrini hadi mwisho, haukaribii hata kidogo ule wa jua la saa saba unapotoka kwenda kula. Anayezitaka kwa sababu zake tutamuuzia, lakini asitegemee zimwondolee kichwa kinachomgonga jioni.

Kinachochosha macho kwanza ni kusahau kupepesa. Kwa kawaida mtu hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Akikodolea skrini, idadi hushuka hata chini ya nusu. Machozi yanayolainisha jicho yanakauka, na kama kiyoyozi kinakupuliza usoni ndiyo kabisa. Hapo jicho linachoma kama lina mchanga, halafu linaanza kutiririsha machozi, na mteja anatubishia: "Makavu vipi, wakati yanalia?" Yanalia kwa sababu yamekauka. Geuza kiti au kiyoyozi, na shusha skrini kidogo ili ukingo wake wa juu usizidi usawa wa macho. Ukitazama chini, kope hufunika sehemu kubwa zaidi ya jicho. Dawa ya matone usichukue yoyote tu. Duka la dawa omba machozi bandia. Yenye deksamethazoni, dawa kali ya kupunguza uvimbe, usiitumie bila daktari, maana ukizoea inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Jambo la pili ni umbali, na hapa ndipo tunapoona watu wengi wakiteseka bure, hasa waliovuka miaka 40. Miwani ya kusomea hutengenezwa kwa umbali wa kama sentimita 40, mahali unaposhika gazeti au Msahafu. Kompyuta ya mezani iko sentimita 60 au 70. Kwa hiyo mtu mwenye miwani ya kusomea ya namba +2.00 anajikuta anaisogelea skrini hadi mgongo unapinda, wakati pale mezani angetulia na +1.25 hivi. Mwenye miwani ya sehemu mbili yeye ananyanyua kidevu ili atazamie kipande cha chini. Akija kwetu analalamikia shingo, si macho.

Ndiyo maana tunaomba kipimo. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, kaa kama unavyokaa siku zote (usijinyooshe kwa sababu unapimwa), kisha mwenzako apime kutoka pembeni mwa jicho hadi kwenye skrini. Mwenye skrini mbili apime zote. Andika namba hiyo, uje nayo. Kwa kipimo hicho tunakutengenezea miwani ya meza yako, si ya meza ya mtu mwingine, na mara nyingi inakuwa ya bei nafuu kuliko ile uliyokuja kuulizia.

Macho pia yanahitaji kupumzishwa. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, ili ule msuli wa ndani ya jicho ulegee. Ofisi nyingi za huku dirisha linatazama ukuta wa jirani. Basi toka koridoni. Na maandishi yakuze, hakuna zawadi kwa anayesoma madogo.

Ukiona vitu viwili viwili, vimulimuli vya ghafla, au jicho jekundu lenye maumivu makali, usije dukani. Nenda kliniki ya macho, Muhimbili au CCBRT, siku hiyohiyo.

Wengine karibuni na vipimo vyenu. Njoo na miwani ya zamani pia, hata kama imekatika mkono, maana namba yake tunaisoma kwenye mashine.